Miguu ya Mama Ukutani

Mwembesongo, Morogoro
4 Juni 2024

Dada Devotha, shikamoo.

Wamenicheka, dada. Nilikuwa bado juu ya ngazi, rangi inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, Bi Mwanahawa akasimama chini, mikono kiunoni, akaangalia ukuta wake. Akasema, "Mwanangu, hawa watu wako wanasubiri kupigwa picha ya kitambulisho?" Fundi bomba aliyekuwa anafunga sinki akatoka kuchungulia, naye akacheka. Hata fundi Twalibu, bosi wangu, aligeukia pembeni kama anakagua plasta, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Mimi nilitabasamu tu. Unanijua.

Huyu Bi Mwanahawa anafungua mgahawa Kihonda mwezi ukiisha. Anataka ukuta mzima wa nje uwe na watu wa milimani wanashusha mboga. Fundi Twalibu akamwambia, "Huyu Lukasi ametoka huko huko, mpe." Ndiyo mara ya kwanza napewa watu. Siku zote naandika SALUNI na CHIPSI KUKU. Lakini watu wangu wamesimama kama nguzo za umeme, wana matenga kichwani na hawaendi popote. Bi Mwanahawa amesema nisipowatembeza atabandika bango la kuprinti, basi.

Fundi anasema nisichore kwa kukumbuka. Anasema kichwa kinakumbuka sura, miguu hakikumbuki. Nitafute picha za watu halisi nizitazame.

Dada, wewe una ile simu ya kupangusa. Nipigie picha watu wa hapo nyumbani wakiwa kazini. Najua huko picha haziendi kwa mtandao, kwa hiyo toa memori kadi uifunge kwenye barua, umpe Hatibu wa gari la karoti. Na mimi kwenye simu naishiwa maneno, kwenye karatasi afadhali.

Mama mpige wewe mwenyewe, vizuri. Nataka yeye ndiye awe mbele kabisa, na tenga lake. Umsalimie sana. Anaendeleaje?

Ni mimi mdogo wako,
Lukasi


Nyumbani, Mgeta
8 Juni 2024

Mdogo wangu Lukasi, marahaba.

Memori kadi hiyo, nimeifunga na gundi ya karatasi, usiichane kama mandazi.

Sikiliza vituko. Nilimwambia mjomba Leonard, "Mjomba, Lukasi anataka picha yako ukilima." Akasema subiri. Nikasubiri mpaka ukungu ukapanda ukashuka. Akatoka na koti la harusi ya binti yake, amechana nywele kwa maji, jembe amelisimamisha begani kama bunduki. Nikamwambia lima basi. Akanijibu, "Nilime na koti? Piga." Mke wake naye alikwenda kubadilisha kanga. Watoto wa Upendo, hawa majirani, walijipanga kwa urefu kama wanaimba wimbo wa taifa. Nimepiga zote, kila mtu anataka yake uilete ikiwa na fremu.

Mama nimempiga amekaa mlangoni. Imeishia kiunoni lakini sura imetoka vizuri, utaona. Anasema ukimchora umpunguzie makunyanzi.

Yeye mzima. Baridi tu ya mwezi huu. Anauliza unakula nini huko, na kama bado unalala na soksi.

Dada yako,
Devotha


Mwembesongo
11 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Picha nimezitoa steshenari. Yule dada wa steshenari ameuliza huyu mwenye koti ni diwani? Nikasema ndiyo.

Lakini dada, nimebaki pale pale. Wote wamesimama. Nikimchora mjomba hivyo ukutani, Bi Mwanahawa atauliza analinda nini.

Nikueleze fundi anavyonifundisha. Ananipa mkaa, ananiambia chukua picha, usichore mtu. Chora mstari mmoja tu, kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino kilichobeba uzito. Mstari ukiwa umejikunja kama upinde, mtu anakwenda. Ukiwa umenyooka, mtu amesimama. Mwili unakuja baadaye, unautundika kwenye ule mstari kama nguo kwenye kamba. Halafu anasema mabega na kiuno havikubaliani hata siku moja. Bega likishuka upande mmoja, nyonga ya upande huo huo inapanda. Nimeanza kuwatazama watu stendi ya Mwembesongo na ni kweli. Jana nimemtazama mama mmoja muuza ndizi mpaka akaniuliza, "We kijana, unanidai?"

Kwa hiyo usiwaambie unawapiga. Jifiche. Wapige wakiwa hawajui, mguu mmoja hewani.

Na mama nataka miguu. Sura ninayo kichwani, sihitaji kuonyeshwa sura ya mama yangu. Kutembea kwake ndiko nimesahau. Mpige akitoka shambani, mzima, mpaka kandambili.

Lukasi


Mgeta
15 Juni 2024

Lukasi mdogo wangu,

Unanitafutia balaa. Nimejificha nyuma ya choo cha mjomba Leonard, mke wake akanikuta. "Devotha, unafanya nini hapo na simu?" Nimeeleza mpaka nimechoka. Lakini nimepata. Mjomba anavuka juu ya mfereji na kidumu cha maji, hajui kitu. Upendo ana tenga la karoti. Watoto wake wanakimbizana kwenye matuta, yaani hao hata kuwatuliza huwezi. Wote wanakuja upande wa simu, mguu mmoja hewani kama ulivyotaka.

Mama aligoma. Nilimwambia mara tatu, anasema amechafuka, anasema jua kali, mara anasema picha za miguu ni za nini, yeye siyo ng'ombe wa kuuzwa. Nikamwambia basi, nitamwandikia Lukasi kwamba umekataa. Kesho yake asubuhi akajitwisha tenga mwenyewe, akaniita. Akasema, "Piga haraka, mara moja tu."

Nimepiga mara moja tu. Hiyo hapo, mpaka kandambili. Sasa usiombe tena miguu ya mama, tafadhali. Umeshaipata.

Fanya kazi. Hapa wote tunasubiri huo ukuta. Mama ameshawaambia watu wa jumuiya kwamba amechorwa mjini, na bado hujamchora.

Devotha


Mwembesongo
18 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Sasa wanatembea. Nimefuta wote wa kwanza kwa chokaa nikaanza upya, mistari kwanza, na wanatembea kweli. Fundi Twalibu aliangalia mguu wa mtoto wa Upendo ulio hewani, akasema, "Huyu ukimwachia atatoka ukutani." Sikulala vizuri kwa furaha.

Lakini kuna jambo. Bi Mwanahawa kaja leo na shoga yake. Wametazama ukuta wote. Halafu shoga akasema, "Wamependeza. Ila wamekunywa nini?"

Nikashuka kwenye ngazi, nikavuka barabara, nikatazama kwa mbali. Ni kweli, dada. Wote wanalalia upande mmoja. Mjomba analala, Upendo analala, watoto wanalala, mama ndiye analala kuliko wote. Ardhi imenyooka sawa kama meza, na watu juu yake wamepinda kama migomba baada ya upepo. Nimerudi kwenye picha zako, na kwenye picha wako hivyo hivyo. Sijakosea kunakili.

Bi Mwanahawa hakugomba. Amesema tu, "Mimi nauza chakula, mwanangu, siuzi pombe." Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, maana mtu wa mabango anamsubiri.

Dada, ulishikaje simu? Na lile shamba la mfereji mbona limekuwa tambarare? Mimi nalikumbuka, ukiweka boga chini unalifuata mpaka mtoni.

Lukasi


Mgeta
20 Juni 2024

Lukasi,

Naandika Hatibu ameshawasha gari.

Nililaza simu. Kwani wewe ungefanyaje? Ukipiga ilivyo, shamba linaonekana kama paa la nyumba, watu watasema tunaishi kama nyani. Mimi huwa nalaza simu mpaka ardhi ikae sawa, ndiyo napiga. Hapa kijijini wote tunapiga hivyo. Hata picha ya kipaimara ya mtoto wa mjomba imepigwa hivyo, iko ukutani sebuleni, na hakuna aliyesema amelewa.

Kwa hiyo makosa ni ya simu. Wainue tu watakaa sawa. Mama anakusalimia, mzima.

Devotha


Mwembesongo
24 Juni 2024

Dada Devotha, shikamoo.

Nimewainua.

Fundi alinipa timazi, ile kamba ya kujengea yenye kipande cha chuma kinachoning'inia. Akaniambia dunia nzima inaweza kulala, kamba yenye uzito hailali. Nikaitundika kwenye msumari, nikabandika picha pembeni yake moja moja. Kwenye kila picha nikatafuta kitu kinachoning'inia. Kwa mjomba ni kidumu. Kwa Upendo ni kamba ya tenga. Nageuza picha taratibu mpaka kinachoning'inia kinakwenda sambamba na timazi, halafu napiga msumari.

Dada, ungeona. Mlima ulirudi. Shamba likasimama kama tulivyoliacha, na mjomba akanyooka, Upendo akanyooka, watoto wakanyooka, kila mtu ameukanyaga mteremko kwa mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooka, kama sisi tunavyotembea siku zote bila kujua. Nimewapaka hivyo hivyo na mlima wao. Bi Mwanahawa alikuja akatazama, akaita watu wa jikoni waje waone. Akasema, "Mtu wa mabango nitamwambia asije." Nimefurahi, lakini si sana, na sababu ni hii.

Picha ya mama nilibandika mwisho. Mama ana rozari shingoni. Nikaigeuza picha mpaka rozari ikanyooka na timazi. Mlima ukarudi kama kwa wengine.

Mama hakunyooka.

Nikafikiri nimekosea. Nikaitoa, nikaibandika tena. Rozari imenyooka, mama amelala. Uzito wote uko mguu wa kulia. Nilichukua mkaa nikatafuta mstari wake, ukatoka kichwani ukapita begani ukashuka kulia, mguu wa kushoto ukaubakiza nje kabisa, kama haumo kwenye mwili. Halafu nikaangalia kandambili. Ya kulia ina tope mpaka juu ya kidole gumba. Ya kushoto ina tope mbele tu. Kisigino ni kisafi, dada. Amepita kwenye mfereji mguu wa kushoto haukanyagi.

Na bega lililoshuka ndilo la upande ule ule wa nyonga iliyoshuka. Watu hawatembei hivyo. Nimekaa stendi siku mbili nikitazama, nimemwona mmoja tu, mzee mwenye fimbo.

Halafu nikakumbuka picha ya kwanza uliikatia kiunoni. Nikakumbuka ulivyoniambia nisiombe tena miguu.

Sikugombezi. Mama ana nini mguu wa kushoto?

Lukasi


Mgeta
26 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye gogo la jikoni, mama yuko ndani, nimelia kimya kimya asisikie. Halafu nikamsomea, maana nimechoka kubeba peke yangu.

Alianguka wakati wa masika. Alikuwa anashusha karoti, tuta likakatika, akaenda nalo. Tenga lilimpita juu. Alinyanyuka mwenyewe, akasema hakuna kitu, akaokota karoti zote. Usiku nyonga ikavimba. Tumekanda kwa maji ya moto, tumepaka dawa za kila mtu. Ilipungua, akaanza kutembea, ila si kutembea, ni kama ulivyoona. Ule mwendo wa picha ni hatua zile zile tu. Baada ya hapo alilala siku nzima.

Alinikataza kukwambia. Alisema, "Huyo nikimwambia leo, leo anapanda. Kazi ataiacha na hata hawezi kuiomba tena, ana aibu." Ndiyo maana nikakata miguu. Mimi si mwongo, Lukasi, nilikuwa katikati.

Nesi wa zahanati alisema apelekwe mjini akapigwe eksirei. Lakini kutoka hapa mpaka barabarani unaijua ile njia. Mjomba Leonard alishakusanya vijana na machela, miti miwili na blanketi, kama tunavyobeba wagonjwa wote. Mama aliwafukuza. Anasema waliopita kwenye ile njia wamelazwa kwenye machela, wote anaowakumbuka, hawakurudi. Na anasema habebwi na vijana aliowakata vitovu, atawaangaliaje.

Nilimaliza kumsomea. Akaniuliza, "Kaona kisigino?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mtoto mdogo alikuwa haongei, kumbe alikuwa anatazama." Halafu akaniambia nikuandikie maneno yake haya: "Maliza ukuta kwanza. Mguu haukimbii."

Nimeyaandika kwa sababu ni maneno yake. Mimi langu ni hili, kwamba asubuhi sasa anashika ukuta akiinuka kitandani. Fanya unavyoona.

Devotha


Mgahawa wa Bi Mwanahawa, Kihonda
Ijumaa, 28 Juni 2024

Fundi Twalibu, shikamoo.

Karatasi hii nimeiweka chini ya kopo la rangi nyeupe, ukitoka Mazimbu kuandika vile vibao utaiona. Ningekwambia kwa mdomo lakini uko mbali, na hata ungekuwa hapa ningesimama tu mbele yako nikishika brashi.

Mama yangu ameumia nyonga tangu masika. Wewe na timazi yako ndio mmenionyesha, ingawa hukujua. Amekataa machela. Amekataa kubebwa na watu wa kijijini. Mimi hajanikataa, kwa sababu hajaniona. Nitambeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabarani. Nimeshaifikiria ile njia yote. Kila mtu niliyemchora hapa nimemwuliza uzito wake ameuweka wapi, na nadhani sasa najua. Nitainama kidogo mbele, mguu wake wa kushoto nitauacha uning'inie bila kuguswa, na kwenye mteremko nitatembea kama mjomba Leonard anavyotembea pale kushoto ukutani, goti limekunjwa. Mama akiona aibu nitamwambia hata yeye alinibeba njia ile ile, nilipokuwa na surua, na hakuna aliyesema mimi ni mtoto aliyekwisha.

Ukuta umebaki kidogo. Mlima umekauka. Mjomba, Upendo na watoto tayari, usiwaguse, labda tope la kwenye mfereji ukitaka liongezee wekundu. Mama nimemchora tenga, sura, rozari na kanga mpaka magotini. Makunyanzi sijapunguza, akigomba atagomba na mimi. Chini ya magoti ni chokaa tupu. Nilitaka kumwekea miguu mizuri ya zamani, kama ya Upendo, mkono ukakataa. Nikataka kuichora kama ilivyo kwenye picha, ukakataa vilevile.

Tafadhali usimalizie wewe. Najua una mkono mzuri kuliko mimi. Lakini iache.

Bi Mwanahawa nimemweleza asubuhi. Yaani nilimpa barua ya dada asome mwenyewe, nikasimama pembeni. Aliisoma, akaingia jikoni, akatoka na chupa ya chai na maandazi kwenye mfuko, akanipa. Halafu akasema kesho kutwa anafungua hivyo hivyo. Nikamwambia watu watacheka. Akasema, "Wacha wacheke, wakicheka wanakula."

Kama akibadili mawazo akabandika bango juu, sitalaumu. Mama anasema mguu haukimbii. Lakini wewe huwa unasema ukuta hauna miguu, na naona lako ndilo la kweli. Mguu wake unakimbia, fundi. Kila asubuhi unakwenda kidogo.

Timazi nimeiazima, iko mfukoni. Sijui kwa nini. Nataka tu iwe nami njiani.

Hatibu ametoka msikitini, anapiga honi pale kona, na kugeuza gari hataki. Gari hili likiniacha, jingine la kwetu ni Jumatatu, na mama anashika ukuta akiinuka. Naondoka sasa. Wageni wakiuliza yule mama wa mbele mbona hana miguu, waambie mchoraji amekwenda kuichukua.

Kijana wako,
Lukasi